Gari la Dukani na Barabara ya Masika: Rai juu ya Mashindano ya Safari

Katika Afrika Mashariki hakuna mashindano ya magari yaliyowahi kuteka nyoyo za watu wa mjini na wa kijijini kama mashindano ya Safari, ambayo yalianza mwaka 1953 katika Kenya, Uganda na Tanganyika, na ambayo hadi leo yanafanyika nchini Kenya yakiwa sehemu ya ubingwa wa dunia. Mazungumzo haya, yaliyoandaliwa kwa ajili ya wasikilizaji wa Kabungu, katika Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, hayakusudii kusimulia historia yote ya mashindano hayo, bali yanatetea rai ambayo baadhi ya wapenzi wake wa zamani wamekuwa nayo kwa miaka mingi: kwamba thamani ya Safari ilitokana na mambo mawili, yaani gari la kawaida ambalo mnunuzi angeweza kulikuta dukani, na barabara ya kawaida wakati wa mvua, na kwamba kila moja kati ya mambo hayo lilipoondolewa, mashindano yaliongeza kasi huku yakipoteza sehemu kubwa ya maana yake kwa watu wanaoishi kando ya barabara hizo.

Kwa wale ambao hawajawahi kuufuatilia mchezo huu, ni vyema ieleweke kwamba mbio za magari ziko za namna kuu mbili. Katika namna ya kwanza magari yote huondoka kwa pamoja na kuzunguka uwanja uleule mara nyingi, na anayetangulia ndiye mshindi. Katika namna ya pili, inayoitwa rali, kila gari huondoka peke yake kwa zamu, likiwa na dereva pamoja na msoma njia anayemwelekeza kona na hatari zilizo mbele, na ushindi hupatikana kwa kulinganisha muda ambao kila gari limetumia kutoka kituo kimoja cha ukaguzi hadi kingine. Safari ni rali. Mmoja wa waasisi wake, Eric Cecil, hakuona raha yoyote katika kuzunguka kiwanja, na ndipo likazaliwa wazo la kuendesha kupitia nchi tatu kwa njia zilezile zilizokuwa zikitumiwa na mabasi, malori ya mazao na magari ya serikali, katika mashindano yaliyofanywa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza.

Jambo lililo muhimu kuliko yote katika mwanzo huo, ingawa wasimulizi wengi hulipita haraka, ni kanuni ya magari. Magari yaliyoruhusiwa yalikuwa ya kawaida kabisa, yaliyouzwa madukani, na madaraja ya washindani hayakupangwa kwa ukubwa wa injini kama ilivyokuwa desturi ya Ulaya, bali kwa bei ambayo gari hilo liliuzwa Afrika Mashariki. Maana yake ni kwamba gari la bei nafuu lilishindana na magari ya bei nafuu, na la gharama likashindana na ya gharama, na mwisho wa mashindano mtu aliyekuwa anadunduliza fedha zake ili anunue gari alipata jibu la swali lake mwenyewe, yaani ni gari gani, kati ya yale anayoyamudu, litakalofika. Mwaka huo wa kwanza hapakuwa hata na mshindi mmoja wa jumla. Walikuwapo washindi wa madaraja. Ni vigumu kufikiria kanuni yenye manufaa zaidi kwa wananchi iliyowahi kuandikwa katika mchezo wa magari, na ni jambo la kusikitisha kwamba iliachwa.

Huko Marekani nako, ambako mbio za viwanjani ndizo zinazopendwa zaidi, historia ilianza mahali hapohapo. Chama kinachoitwa NASCAR, kilichoundwa mwaka 1948, kilifungua mwaka uliofuata daraja la magari yasiyobadilishwa chochote, yaliyotoka dukani moja kwa moja, na mwaka 1959 yakafanyika kwa mara ya kwanza mashindano ya Daytona 500, ya maili 500, ambayo mshindi wake alikuwa Lee Petty. Leo gari linaloshindana Daytona lina sura inayofanana na gari la dukani, lakini ndani yake ni mashine iliyoundwa kwa ajili ya mbio tu, na hakuna mnunuzi anayeweza kuliagiza kwa ajili ya familia yake. Safari imepita njia hiyohiyo, ingawa ilichukua muda mrefu zaidi, kwa sababu barabara za Afrika Mashariki zilikuwa na sauti kubwa kuliko wahandisi.

Sauti hiyo ya barabara inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndiyo iliyoamua matokeo kwa miaka mingi. Mashindano yalipohamishiwa wakati wa Pasaka, yaliangukia katika masika, na urefu wake katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ulifikia kiasi cha kilomita 5,000, usiku na mchana, kukiwa na mapumziko machache. Kila dakika ambayo gari lilichelewa kufika kituoni ilihesabiwa kuwa pointi moja ya adhabu, na aliyekusanya pointi chache kuliko wote ndiye aliyeshinda. Hivyo dereva aliyekwama kwa saa moja alikuwa amejipatia pointi 60, na hakuna kona ambayo angeweza kuikata kwa kasi kiasi cha kuzifuta.

Msikilizaji wa Katavi hahitaji kuelezwa sana maana ya kukwama. Udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaokaa mabondeni na mbugani, hupasuka nyufa wakati wa kiangazi na kuonekana mgumu, lakini ukilowa huvimba, hunata kwenye tairi na kuijaza mifereji yake mpaka tairi jipya hugeuka kuwa kipara. Kisha tope hupanda na kujaa katikati ya tairi na madigadi, gurudumu likashindwa hata kuzunguka. Dereva asiye mzoefu hukanyaga mafuta zaidi, gurudumu likazidi kujichimbia, na chini ya gari, pale penye sampo ya oili na difu, pakakaa juu ya tope, na hapo gari limekaa kwa tumbo wala hakuna gia itakayolitoa. Anayejua hufanya kinyume chake: hushuka na kuipima njia kwa miguu kabla ya kuingia, huchagua gia ya pili, huingia kwa mwendo wa wastani usiobadilika, na hauachi usukani ukae kimya, bali huupeleka kidogo kushoto na kulia ili ukingo wa tairi utafute mahali pa kushika. Ujuzi huo ndio unaotumiwa kila masika na dereva wa Fuso au wa Noah anayetoka Mpanda kwenda vijijini, na ndio uliokuwa ukishindaniwa katika Safari.

Kwa sababu hiyo orodha ya magari yaliyoshinda katika miaka ya mwanzo ni kama ripoti ya ukaguzi iliyoandikwa na barabara yenyewe. Volkswagen ndogo yenye mgongo wa kobe ilishinda mwaka 1954 ikiendeshwa na Vic Preston na D. P. Marwaha, ikashinda tena mwaka 1957 na 1962, na sababu zake zinaonekana wazi kwa fundi yeyote: injini yake imekaa nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, hivyo uzito unayakandamiza pale pale yanapohitaji kushika, haina rejeta ya maji ya kutobolewa na jiwe, kwa kuwa hupozwa na hewa, na sehemu yake ya chini ni bapa, haina vitu vingi vinavyoning'inia. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, kwa kuwa springi zake zilikuwa na nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, kiasi kwamba gurudumu liliendelea kugusa ardhi mahali ambapo magari mengine yaliruka. Mwaka 1963 yaliyofika mwisho yalikuwa magari 7 tu kati ya 84 yaliyoondoka, na mwaka 1968, mvua ilipozidi tena, yakafika 7 mengine. Na katika miaka yote miwili aliyetangulia alikuwa Nick Nowicki akiwa na msoma njia Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404.

Erik Carlsson wa Sweden, ambaye alikuwa mmoja wa madereva hodari kabisa wa rali duniani katika zama zake, alikuja na Saab ndogo na mwaka 1964 alishika nafasi ya pili. Inasimuliwa kwamba alipokwama kwenye tope pasipo na msaada, yeye na mwenzake waliisukuma Saab yao kwa ubavu na kuibingirisha mpaka ikasimama kwenye ardhi ngumu, kisha wakaendelea na safari. Hata hivyo nafasi hiyo ya pili ilikuwa ndiyo kikomo chake, na kwa miaka takribani 20 hakuna dereva kutoka ng'ambo aliyeshinda, hadi mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland aliposhinda akiwa na Ford Escort. Wageni walikuwa na magari mazuri na fedha nyingi, lakini hawakuijua ardhi.

Walioijua ndio waliokuwa mabingwa. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932 na aliyekuwa fundi wa magari, alishinda mwaka 1965 akisomewa njia na ndugu yake Jaswant, kwa Volvo ambayo haikuwa hata mpya, bali ilikuwa imekwisha kutumiwa katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Akashinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Kati ya mara 22 alizoshiriki, alifika mwisho mara 19, na takwimu hiyo, kwa maoni ya mazungumzo haya, inapita ushindi wake wa mara zote tatu, kwa sababu inaonyesha mtu aliyelitunza gari lake hadi mwisho. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya, ndiye aliyeshinda mara nyingi kuliko wote: mwaka 1973, kisha mara nne mfululizo tangu 1979 hadi 1982. Ushindi wake wa kwanza ulipatikana kwa namna ya kipekee, kwani yeye na Harry Källström wa Sweden, wote wakiwa na Datsun, walimaliza wakiwa na pointi sawa, na Mehta akapewa ushindi kwa kuwa ndiye aliyesafiri mbali zaidi kabla ya kupata pointi yake ya kwanza ya adhabu.

Kwa Watanzania jina lisilopaswa kusahauliwa ni la Bert Shankland, Mskochi aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, ambaye pamoja na Chris Rothwell alishinda mwaka 1966 na 1967 mfululizo kwa Peugeot 404. Ni jambo la kushangaza, na kwa kweli ni la kuhuzunisha, kwamba vijana wengi wanaofuatilia matokeo ya Ulaya kila Jumapili hawajui kuwa gari lililotoka Dar es Salaam liliwahi kushinda mara mbili mashindano magumu kuliko yote duniani. Katika zama hizo njia ya Safari ilipita milima ya Usambara, ikapanda na kushuka ukingo wa Bonde la Ufa huko Mbulu, na utelezi wa sehemu hizo mbili ulikuwa unaogopwa na madereva wa Nairobi kama walivyouogopa ule wa kwao.

Mwaka 1973 ndio mwaka ambao ubingwa wa dunia wa rali ulianzishwa na Safari ikaingizwa humo, na mwaka uliofuata njia ilibaki ndani ya Kenya peke yake. Hali ya Uganda chini ya Idi Amin na uhusiano uliokuwa ukidhoofika kati ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo ilivunjika mwaka 1977, vilifanya kuvuka mipaka mitatu usiku wa manane kuwa jambo lisilowezekana tena. Tanzania iliondoka katika ramani ya mashindano hayo bila maombolezo makubwa, na haijarudi, isipokuwa kupitia mashindano ya magari ya zamani yaliyoanzishwa mwaka 2003, ambayo mara kadhaa njia yake imevuka mpaka na kuingia Tanzania, na ambayo Björn Waldegård aliyashinda mwaka 2011 kwa Porsche 911, gari ambalo katika Safari yenyewe halikuwahi kupita nafasi ya pili.

Ubingwa wa dunia ulileta watengenezaji wakubwa, na pamoja nao ukaleta mabadiliko ya magari ambayo yalifanyika hatua kwa hatua, kiasi kwamba hakuna mwaka mmoja unaoweza kunyooshewa kidole. Katika miaka ya 1980 kulikuwa na kundi la magari ambalo kanuni zake zilimtaka mtengenezaji aunde magari 200 tu ya aina hiyo ili aruhusiwe kushindana; baada ya kundi hilo kufutwa kwa sababu ya ajali, likaja jingine lililotaka magari 5,000, na hapo kwa muda mfupi mambo yakarudi kuwa mema, kwa kuwa Toyota Celica, Lancia Delta na baadaye Subaru Impreza zilizoshindana zilikuwa na ndugu zao halisi barabarani. Tangu mwaka 1997 sharti hilo lililegezwa. Tangu mwaka 2022 gari la daraja la juu halihitaji hata kuwa na bodi ya gari la dukani: hujengwa juu ya fremu ya mabomba ya chuma, kisha huvikwa sura ya gari linalojulikana, na bei yake ni mamia ya maelfu ya euro. Mtu akiona maandishi ya Toyota ubavuni mwa gari hilo na kudhani kwamba linamweleza chochote kuhusu Toyota anayotaka kuinunua, anakosea.

Safari iliondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, ambao mshindi wake alikuwa Colin McRae, ikarudi mwaka 2021 ikiwa na makao Naivasha. Si haki kuisema vibaya tu. Katika mfumo wa zamani magari yalikimbia kwenye barabara zilizo wazi, ambamo kulikuwa na mifugo, baiskeli na watoto waendao shule, na katika miaka ya mwisho timu kubwa zilirusha helikopta juu ya magari yao ili kumwonya dereva kuhusu vilivyoko mbele, jambo ambalo lenyewe lilikuwa ushahidi kwamba kasi ilikuwa imepita kiasi ambacho barabara ya umma inaweza kukibeba. Kufunga njia wakati wa mashindano ni uamuzi sahihi, na hakuna mpenzi wa kweli wa mchezo huu anayepaswa kutamani zama ambazo mwanakijiji aliilipia burudani kwa maisha yake. Vilevile vumbi la Naivasha, lililo laini kama unga na lenye kina kinachoweza kufunika gurudumu, limewaangusha mabingwa wa dunia, na tangu mwaka 2024 mashindano yaliporudishwa mwezi Machi, mvua imeanza tena kusema neno lake. Mwaka 2022 Maxine Wahome wa Kenya alishinda daraja la tatu katika mashindano hayo, na ushindi huo ulistahili kutangazwa kwa sauti kubwa zaidi kuliko ilivyokuwa.

Lakini urefu wa mwendo wa kushindana tangu mwaka 2021 hadi 2025 umekuwa kati ya kilomita 320 na 390, sehemu kubwa ikiwa ndani ya mashamba makubwa na hifadhi binafsi, na Toyota imeshinda kila mwaka katika hiyo mitano, ambapo mwaka 2022 na 2023 ilichukua nafasi zote nne za mwanzo. Gari hutoka asubuhi, hukimbia sehemu fupi kadhaa, kisha hurudi kwenye kituo cha matengenezo ambako mafundi hodari hubadilisha shokomzoba na diski kwa dakika chache. Ni mashindano mazuri ya kasi. Yale yaliyokuwa yakiitwa Safari, hata hivyo, yalikuwa mtihani wa uvumilivu wa gari, na ndani yake dereva alitakiwa kujua kutengeneza, kusubiri na kuhurumia chombo chake, sifa ambazo leo zinaonekana kwa dereva wa kawaida wa Katavi kuliko kwa bingwa wa dunia.

Kutokana na hayo, pendekezo linalotolewa hapa ni kwamba vyama vya magari vya Afrika Mashariki virudishe daraja la magari ya dukani lililopangwa kwa bei, na kwamba Tanzania, ambayo tayari ina mashindano yanayohesabiwa katika ubingwa wa Afrika, yakiwemo yale ya Mkwawa yenye jina la mtemi wa Wahehe, ichukue hatua hiyo kwanza bila kuwasubiri waandaaji wa Ulaya. Kanuni zake zinaweza kuwa chache: gari liwe la aina inayouzwa nchini, liwe jipya au lililotumika, bei ya juu ya kila daraja itajwe kwa shilingi, injini, giaboksi na difu zifungwe kwa lakiri kabla ya kuondoka, lisiongezwe chochote isipokuwa ngao ya kulinda sampo, mikanda ya usalama na fremu ya ndani ya kuwakinga abiria gari likipinduka, na matengenezo yafanywe na dereva na msoma njia wake kwa vifaa walivyovibeba wenyewe. Sehemu za kasi zifungwe kama inavyofanyika sasa, na kati ya sehemu hizo magari yasafiri kwa mwendo wa kisheria, lakini kwa muda uliopangwa, ili kuchelewa kwa sababu ya tope au kuharibika kuhesabiwe kama zamani.

Mkoa wa Katavi unafaa kwa mashindano ya namna hiyo kuliko mikoa mingi. Lami imefika Mpanda kutoka Sumbawanga na kutoka Tabora, hivyo washindani na wakaguzi watafika bila shida, na reli inayotoka Kaliua inaweza kubeba magari na vipuri. Papo hapo, zikiachwa barabara hizo kuu, bado ziko njia za udongo zinazopita Kabungu na kata za jirani, na nyingine zinazokwenda Karema kwenye Ziwa Tanganyika, zenye kokoto, mchanga na udongo wa mfinyanzi katika safari moja ya siku. Madereva wanaozipita kila wiki wakiwa na abiria na magunia wapo, na wengi wao hawajawahi kuulizwa kama wangependa kushindana. Kwa kuwa mvua za huku huanza Novemba na kwisha Aprili, wakati unaofaa ni katikati ya mwezi Machi, ardhi ikiwa imelowa vizuri, mito ikiwa bado inapitika, na mahindi yakiwa bado shambani, kabla malori ya mazao hayajaanza kuzijaza njia hizo.